Kichupa cha ugoro cha Kichina: anza kukisoma kwa ndani

Swali: "Kaka yangu hufuata bidhaa Guangzhou. Safari iliyopita aliniletea kichupa cha kioo, urefu wake hauzidi kidole cha shahada. Kwa ndani wamechorwa paka wawili wanaomkodolea macho kipepeo, na upande wa pili kuna mistari ya maandishi ya Kichina. Kwenye kitako kuna herufi nne nyekundu. Muuzaji alimwambia kwamba ni kichupa cha ugoro cha enzi za Kaizari Qianlong, na kwamba mchoro ulipigwa kwa ndani kupitia mdomoni. Mdomo wenyewe hata kalamu ya wino haipiti! Inawezekanaje? Na je, ni cha kale kweli, au kaka yangu amepigwa changa la macho?" Msomaji wa Mombasa.

Jibu: Dada yangu, jibu la swali lako la kwanza ndilo litakalotupa jibu la pili. Ndiyo, inawezekana kabisa kwamba mchoro umepigwa kwa ndani kupitia mdomo huohuo mdogo. Na ikiwa umepigwa kwa ndani, basi si wa enzi za Qianlong. Kaizari huyo alitawala kuanzia 1736 hadi 1795, akafariki 1799. Vichupa vya kuchorwa ndani vyenye tarehe tunavyovifahamu vinaanza mapema katika karne ya 19, tena vya kwanza vina maandishi na mandhari nyepesi tu. Picha zenye manyoya, vivuli na wanyama wanaoonekana kama wanapumua zilianza kushamiri miaka ya 1880. Muuzaji alimpa kaka yako sifa mbili, na moja inaikana nyingine.

Hilo halina maana kwamba ulicho nacho ni takataka. Ila kabla hatujafika kwenye paka wako, nieleze jinsi vitu hivi vinavyosomwa. Mgeni akishika kichupa cha ugoro hutazama picha, rangi na jina la jiwe. Aliyezoea hukifungua kizibo, akaelekeza mdomo kwenye mwanga, akachungulia tumboni. Fundi wa Kichina alimwaga ujuzi wake mwingi zaidi mahali ambapo mnunuzi haoni, na ndiyo maana huko ndani ndiko udanganyifu hufichuka.

Tumbaku iliingia China mwishoni mwa karne ya 16, ikipitia Ufilipino hadi mwambao wa Fujian, na kwa miaka mingi ilivutwa kwa kiko. Ugoro ulikuja kwa mlango mwingine: mapadri Wajesuiti kutoka Ulaya waliokuwa wakitafuta kibali cha kasri ya kaizari. Mwaka 1684, Kaizari Kangxi alipozuru Nanjing, mapadri walimpelekea zawadi kutoka Ulaya. Alizirudisha kwa adabu, akabakiza ugoro peke yake. Baada ya hapo Wamanchu waliokuwa wakitawala, yaani nasaba ya Qing, waliushika kama alama ya utu wa kasri. Kiko kilikuwa cha mtu yeyote, ugoro ulikuwa wa watu wenye nafasi.

Uliaminiwa pia kuwa dawa. Mwanachuoni Wang Shizhen, aliyefariki 1711, aliandika mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba ugoro husafisha macho na kukinga maradhi ya kuambukiza. Aliandika pia kwamba ulihifadhiwa katika chupa za kioo za rangi mbalimbali, kwamba kijiko chake kilikuwa cha pembe ya ndovu, na kwamba vitu hivyo vilitengenezwa katika karakana za kasri. Ushahidi huo una thamani kubwa kwetu, kwa sababu unatuonyesha kwamba umbo tunalolijua leo lilikuwa tayari limekamilika wakati wa Kangxi.

Umbo hilo halikutoka Ulaya. Wazungu walibeba ugoro katika visanduku vyenye kifuniko cha bawaba, mfano wa tabakelo walizokuwa nazo wazee wetu wa pwani. Kisanduku ukikifungua, unga wote unapigwa na hewa kwa mara moja. Ugoro ukila unyevu unaganda, ukiachwa wazi unapoteza harufu. Wachina walikuwa na jibu tayari: chupa ndogo za dawa ya unga, zenye shingo nyembamba na kizibo. Kanzu ya Kimanchu haikuwa na mifuko, hivyo kitu kilipaswa kuingia katika mkono mpana wa nguo au katika kijaluba kinachoning'inia mshipini, tena kiwe laini kila upande kisikwaruze hariri. Jumlisha haja hizo unapata kitu chenye urefu wa sentimita 5 hadi 8, tumbo lililobanwa ubavuni likae vizuri kiganjani, mdomo wa milimita chache tu, na kizibo cha gome laini kilichochomekwa kijiko chembamba kinachofika karibu na kitako. Ugoro ulichotwa kwa kijiko hicho, ukamwagwa juu ya kisahani kidogo au juu ya ukucha wa kidole gumba, ukanuswa.

Adabu zake zilikuwa kama za sinia ya tambuu kwetu: mgeni hakai bila kukaribishwa, na ubora wa chombo unamtangaza mwenyeji kabla hajafungua kinywa. Wamongolia wanaendelea na desturi hiyo hata leo. Wanaume wakikutana, hasa wakati wa mwaka mpya wao, kila mmoja hutoa kichupa chake kwa mkono wa kulia, kizibo kikiwa kimelegezwa kidogo. Mwenzake hukipokea, hunusa hata kama ni mdomoni pa chupa tu, kisha hukirudisha. Vya kwao ni vikubwa kuliko vya Beijing, na mara nyingi ni vya akiki au mawe mengine yenye rangi, na kizibo cha marijani.

Sasa tuje kwenye ufundi, na nianze na kioo kwa kuwa ndicho kilichokuwa cha kwanza kupata karakana ya kifalme. Mwaka 1696 Kangxi aliamuru kijengwe kiwanda cha kioo Beijing, karibu na kanisa la Wajesuiti, na akamkabidhi padri Mjerumani, Kilian Stumpf, kukisimamia. Kioo cha Kichina kilipata hapo elimu ya tanuri ya Ulaya. Lakini kilichofuata hakikuwa cha Ulaya hata kidogo, kwa sababu Wachina walikichukulia kioo kama jiwe. Mzungu alipenda kioo kiwe chembamba na cheupe kama maji. Mchina alikipuliza kikiwa kinene, akakitia rangi ya jade, ya kaharabu au ya madini ya zarnikhi, kisha akakipeleka kwa mchonga vito akichonge baridi.

Mfano mzuri ni vichupa vya kioo cha tabaka. Kiputo cha kioo cheupe, mara nyingi chenye madoadoa ya ukungu kama theluji inayoanguka, kinachovywa katika kioo chekundu kilichoyeyuka. Kinatoka kimevaa ngozi nyekundu. Kikishapoa, mchongaji anaondoa wekundu wote kwa magurudumu madogo ya chuma, isipokuwa pale anapotaka joka, samaki au tawi la ua libaki. Baadhi vina tabaka za rangi nyingi, kila rangi mahali pake. Ukikutana nacho, tazama kando za mchoro kwa kioo cha kukuzia. Kilichochongwa kina ukingo uliosimama wima, na ardhi nyeupe inayozunguka mchoro ni tambarare kweli, haina mawimbi. Kilichobonyezwa katika kalibu kina kingo za mviringo, laini laini, kama sabuni iliyotumika. Pia kina mstari wa mshono ubavuni, hata kama wamejaribu kuusugua ufutike.

Kuna kazi ya kioo iliyo ngumu kuliko hiyo, na ni muhimu kwa swali lako, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi halisi ya Qianlong. Ni enameli juu ya kioo. Enameli ni unga wa kioo cha rangi. Unapakwa kama rangi ya maji, kisha chombo kinaingizwa tanurini ili unga uyeyuke na kushika. Ikiwa chombo ni cha shaba au kauri, moto huo haukidhuru. Juu ya kioo mambo ni mengine, maana joto linaloyeyusha enameli liko jirani sana na joto linalolegeza chupa yenyewe. Ukipunguza moto, rangi inabaki chafu na chapwa. Ukizidisha kidogo, shingo inainama au mabega yanabonyea. Na kichupa hakichomwi mara moja, maana rangi hazikomai zote kwenye joto moja. Wakati wa Kangxi, Mfaransa aliyeitwa Jean-Baptiste Gravereau aliletwa mwaka 1719 kusaidia karakana ya enameli. Lakini kilele kilifikiwa na mafundi wa kasri baada yake, enzi za mwanawe Yongzheng na mjukuu wake Qianlong.

Vilivyonusurika ni vichache. Novemba 2011, huko Hong Kong, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza kimoja cha karakana za kasri za Qianlong, kutoka mkusanyo wa Mary na George Bloch. Bei ilipita dola milioni 25 za Hong Kong, zaidi ya milioni 3 za Marekani. Nataja bei hiyo ili uone jambo moja: kitu cha namna hiyo hakiuzwi kwenye meza ya duka la zawadi, kimewekwa kati ya feni za mkononi na minyororo ya funguo.

Mawe ndiyo ninayoyapenda zaidi, nakiri upendeleo wangu. Fundi anaanza na kipande kizima cha akiki, hakina tundu wala ufa. Analipa jiwe umbo la nje kwa magurudumu ya chuma yanayozungushwa kwa kukanyaga, huku mkono mmoja ukimwagia uji wa mchanga mkali na maji. Chuma hicho hakikati akiki, kwa sababu akiki ni ngumu kuliko chuma. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs inakaribia 7. Kinachokata ni chembe za mchanga wenyewe, za mawe magumu kama garneti au korandumu. Chuma kazi yake ni kuzisukuma.

Umbo likishapatikana, anatoboa. Keekee inaingia mdomoni na kwenda chini moja kwa moja, inaacha tundu jembamba lililonyooka. Mafundi wavivu walisimama hapo, na vichupa vyao vipo vingi sana sokoni: kwa nje tumbo, kwa ndani bomba. Fundi hasa ndiyo kwanza anaanza. Anachukua chuma chembamba kilichopindwa ncha, anakipitisha mdomoni, anakizungusha kwa mchanga ili kile chini ya bega. Halafu kingine kilichopinda zaidi. Halafu kingine. Haoni anachokifanya. Anajua ukuta umebaki unene gani kwa kuulinganisha na vidole vyake vya nje, kwa mwanga unaopenya, na kwa sauti ya chuma kinavyokwaruza. Nafasi ya ndani inapaswa kufuata umbo la nje mpaka mabegani kabisa, kila upande ukiwa na unene uleule. Akipitiliza kidogo mahali pamoja, ukuta unatoboka na kazi yote imekufa.

Vipo vya akiki vilivyokombwa ndani kiasi kwamba ukiviweka juu ya maji vinaelea. Jiwe linaelea! Ukikishika kwa mara ya kwanza mkono unashtuka, kwa kuwa jicho liliuambia utarajie uzito.

Ukombaji huo si wa kujionyesha tu. Katika akiki za kijivu au za rangi ya asali hutokea madoa meusi au ya kahawia, yaliyoingia humo jiwe lilipokuwa likijiunda. Mafundi waliyageuza madoa hayo kuwa picha: doa moja likawa mwewe juu ya mwamba, jingine mvuvi amejikunyata mashuani. Wakati mwingine hawakuongeza hata mkwaruzo mmoja, walikata tu jiwe pale ambapo doa lenyewe lilishakuwa tumbili. Suzhou ilisifika kwa michongo ya namna hii iliyoongezwa miamba, misonobari na watu. Lakini ukuta ukiwa mnene, mwanga haupiti na doa linabaki doa. Ni hadi nyuma yake pakombwe ndipo mwewe anaonekana. Fundi alikuwa anachonga picha ya nje kutokea ndani.

Jade ilikombwa kwa njia hiyohiyo. Ile ya zamani ilitoka Khotan, magharibi ya mbali ya himaya. Ile ya kijani kibichi, inayopendwa leo na matajiri, ni ya Burma na ilivuma kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Juu ya kauri sina mengi: ilifinyangwa Jingdezhen, ikachomwa kwa wingi, hasa karne ya 19, na iko ya kuvutia kama ile ya enzi ya Kaizari Daoguang yenye nyenje wanaopigana. Ila kwa kuwa kauri hufinyangwa ikiwa tupu kwa ndani tangu mwanzo, haina ule mtihani wa tumbo niliokueleza. Kuna na vya mianzi, marijani, kaharabu, shaba, na hata vibuyu vilivyofungiwa katika kalibu vikiwa vichanga shambani ili vikue na nakshi ubavuni.

Vya pembe ya ndovu nakuomba uviache, wewe na kaka yako pia. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Tanzania ni miongoni mwa waliopeleka pendekezo hilo. China yenyewe ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Muuzaji atakuambia ni cha kale, kina ruhusa. Uwanja wa ndege wa Nairobi utakuambia jambo lingine. Vivyo hivyo vile vyenye ngozi nyekundu juu ya umanjano, ambavyo hutoka kwenye pembe ya ndege hondohondo wa Asia ya Kusini-Mashariki. Naye analindwa kwa daraja la juu kabisa.

Tamaa ya kukusanya ilianza mapema. Heshen, kipenzi wa Qianlong, alipokamatwa mwaka 1799 mara tu bwana wake alipofariki, mali yake ilitaifishwa, na orodha inayonukuliwa ya mali hizo inataja vichupa vya ugoro zaidi ya 2,000. Mtu mmoja ana pua moja. Hapo utaona kwamba ugoro ulikuwa umeshageuka kisingizio, na chombo ndicho kilichokuwa kikitafutwa.

Ndipo tunafika kwenye michoro ya ndani. Kwa wachoraji, mdomo mdogo uliowekwa kwa ajili ya ugoro uligeuka kikwazo cha makusudi. Wachina wana hadithi ya ofisa fukara aliyekwangua mabaki ya ugoro kwa kijiti, akaacha mistari kwenye kioo, na mtawa aliyeiona akapata wazo. Hadithi tamu, tuiache hapo. Tunachokijua ni kwamba mchoraji aliyejiita Gan Xuanwen alikuwa akifanya kazi hii mapema katika karne ya 19. Baada yake kukapoa, mpaka Beijing ilipopata Zhou Leyuan, aliyefanya kazi miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890. Yeye ndiye aliyeingiza humo ndani mandhari kamili ya uchoraji wa Kichina, milima iliyojaa ukungu, samaki wa dhahabu, wadudu, kwa mkono mwepesi ambao hadi leo wengi wanaukiri kuwa haujapitwa.

Walimfuata wengi, nami nitakutajia wawili. Ma Shaoxuan, aliyezaliwa 1867 na kufariki 1939, alikuwa Mwislamu wa jamii ya Wahui wa Beijing. Sifa yake kubwa ni nyuso. Alichukua picha za kamera, jambo jipya wakati huo, akazihamisha ndani ya chupa kwa wino mweusi na kijivu, hata ukitazama sura ya mwigizaji mashuhuri wa opera Tan Xinpei unadhani karatasi ya picha imekunjwa ikatumbukizwa humo. Upande wa pili aliandika shairi kwa hati iliyonyooka kama ya chapa. Wa pili ni Ye Zhongsan, aliyechora watu wa ngano na hekaya kwa rangi kali. Wanawe watatu walimsaidia, na ujuzi ulikaa ndani ya nyumba yao.

Mwaka 1912 nasaba ya Qing ilikwisha, sigara ikaufukuza ugoro, na kichupa kikabaki bila kazi. Biashara iliendelea kwa ajili ya wageni na wakusanyaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watoto wa Ye Zhongsan walikubali kufundisha watu wasio wa ukoo wao. Mmojawapo alikuwa kijana wa Hebei, Wang Xisan, aliyezaliwa 1938. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ile misukosuko ya kisiasa ya 1966 hadi 1976, alirudi kijijini kwao, na huko akaanza kuwafundisha wengine. Kutokana na hilo eneo la Hengshui, mkoani Hebei, limejaa wachoraji wa ndani ya chupa, na mwaka 2006 kazi yao iliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni. Shule nyingine ziko Beijing, Shandong na Guangdong.

Sasa, wanachoraje? Kioo kitupu ni kiteleza, wino hautulii. Kwa hiyo wanatia ndani ya kichupa vigololi vidogo vya chuma, unga mkali wa kusagia na maji kidogo, wanaziba, wanatikisa kwa muda mrefu mpaka kuta za ndani zipate ukungu kama karatasi ya kuchorea. Wanasuuza, wanakausha. Zamani kalamu ilikuwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa kikapindwa ncha. Wang Xisan na kizazi chake waliendeleza brashi ya nywele chache zilizofungwa kwenye mpini mwembamba uliopinda kama ndoana, hivyo mstari ukaweza kunenepa na kukonda.

Anayechora hutazama kutoka nje huku mkono ukifanya kazi kwa ndani. Kila kitu kinaenda kinyume. Kwenye karatasi unaanza na mandhari ya nyuma na kumalizia na sharubu za paka. Ndani ya chupa sharubu ni za kwanza, maana rangi ya kwanza ndiyo iliyo karibu na macho ya mtazamaji. Halafu mng'aro wa jicho, kisha mboni, kisha manyoya, kisha kivuli chini ya manyoya, na ardhi mwisho. Ukishaweka manyoya huwezi tena kurudi kuongeza sharubu. Zitapotea nyuma yake. Maandishi nayo huandikwa kinyumenyume ili yasomeke sawa kutoka nje. Na mkono unaoyafanya haya hauna mahali pa kuegemea isipokuwa mdomo wa chupa wenyewe.

Basi chukua kichupa chako na tochi ya simu. Paka wako na kipepeo ni somo la kawaida sana, ni dua ya umri mrefu, hupewa wazee siku ya kuzaliwa. Tazama kwanza ubavu, upande ule mwembamba. Ukiona mstari mwembamba wa gundi ukishuka kutoka shingoni hadi kitakoni, basi ni nusu mbili zilizochorwa zikiwa wazi na kubandikwa, na mdomo mdogo ni maigizo tu. Ukikosa mstari, chukua kioo cha kukuzia uangalie manyoya. Vitone vidogo vilivyojipanga sawasawa ni chapa ya mashine. Mistari inayopishana, mingine minene mingine myembamba kama ya kope, ni mkono wa mtu. Halafu chungulia mdomoni: kuta za ndani zina ukungu mwembamba pale pasipo na rangi? Ikiwa ndiyo, aliyekichora alifuata njia niliyoieleza, na una kazi halali ya mkono, ya miongo ya karibuni.

Herufi nne za kitakoni bila shaka zinasema "kilitengenezwa miaka ya Qianlong". Usizitegemee. Jina la kaizari huyo liliandikwa kwenye vyombo katika karne yote ya 19 na linaandikwa hadi leo, mara nyingine kwa heshima, mara nyingine kwa hila. Tazama badala yake maandishi ya upande wa pili wa picha. Mara nyingi mchoraji huandika jina lake, mahali, na mwaka kwa hesabu ya Kichina ya mizunguko ya miaka 60. Mwombe mtu anayesoma Kichina akutafsirie mistari hiyo. Mwaka ule ule hurudi kila baada ya miaka 60, hivyo muuzaji mjanja anaweza kuuvuta nyuma apendavyo, lakini jina la mchoraji halivutiki.

Usikioshe kwa maji. Rangi za ndani nyingi huyeyuka, na nimeona vichupa vya Beijing vya miaka ya 1890 ambavyo mama mwenye nyumba mwenye usafi wa kupindukia alivigeuza kuwa chupa tupu kwa dakika tano. Futa nje kwa kitambaa kikavu. Usikiweke dirishani juani. Wala usikitie ugoro: unga ukitikisika husugua mchoro, na ndiyo sababu vizuri vya aina hii vilikuwa vya kutazamwa tu tangu mwanzo.

Kuhusu kukiuza, ikiwa kina mstari wa gundi au vitone vya chapa, mpe mtoto akichezee. Ikiwa ni cha mkono, bei yake inafuata jina la mchoraji na ufundi wake, na umri hapa hauongezi kitu kwa kuwa haupo. Usimlipe mtu yeyote akupe "cheti" cha ukale. Piga picha nne, moja ya kila uso mpana, moja ya kitako na moja ya mdomo kutoka juu kizibo kikiwa kimetolewa, zilinganishe na vilivyowekwa mtandaoni bure na Jumba la Makumbusho la Kasri la Taipei au Metropolitan ya New York. Ile ya mdomo ndiyo watu husahau kupiga.